Mama, Nimekuweka Ukutani Penye Mfereji

Kangemi, Nairobi
Jumapili jioni, mwezi wa Agosti

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Ningekuuliza u hali gani, lakini hali yako ninaijua: u hai. Hilo sasa linajulikana kuanzia Kangemi hadi huko kwetu, maana nimesikia shangazi Kalekye alikupigia simu akilia, akitaka kujua umeaga lini na mazishi ni siku gani, na aliyeipokea simu ukawa wewe mwenyewe. Nimeambiwa ulimwacha alie mpaka akamaliza, ndipo ukamwambia, "Kalekye, mimi niko hapa ninachambua ndengu." Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nisamehe kwa usumbufu huo. Kilichouleta ni kazi ya mikono yangu, na nitakueleza yote.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeimaliza au umempa mbuzi? Mimi ni mzima, ila kifua kinabana kidogo kwa sababu ya vumbi la saiti ya ujenzi, na mikono imekuwa migumu kama ya marehemu baba. Kanisani ninaenda. Ninakula. Usihangaike.

Kioko, salamu kwako pia, wewe unayesoma. Ninajua umekaa kwenye kiti cha baba, kile kilichovunjika mkono, na umeinua karatasi juu kana kwamba ni taarifa ya habari. Soma polepole, usiruke. Barua hii ameileta Mama Ndinda wa kanisani kwetu, na kabla sijaifunga bahasha nilimsomea yote, nikarudia. Nimemwomba akae hapo anywe chai mpaka mwisho. Ukiruka mstari, ataweka kikombe chini.

Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani ni ya Kioko, na kila nikilifikia jambo lenyewe mtandao unapotea. Ajabu ni kwamba tukianza habari za mvua mtandao unarudi.

Jambo lenyewe ni lango letu. Yule broka wa mchanga anarudi mwisho wa mwezi kutaka ruhusa yako, malori yapite tena kwenye shamba letu kwenda mtoni mwaka mzima. Nawe ulisema hutajibu ndiyo wala hapana mpaka sisi watoto wako wawili tuseme neno moja. Kioko amesema ndiyo. Mimi nilikuwa kimya. Leo ninajibu, na ili jibu langu lisionekane ni ukaidi wa mtu aliyekaa Nairobi, nieleze kwanza yaliyonipata.

Unakumbuka ndengu ulizonitumia kwenye kigunia cha bluu, ulichokishona mdomo kwa uzi wa mkonge? Zilifika salama. Zilikuja juu ya lori la mchanga kama kawaida, maana Kioko humpa dereva na dereva huniletea hadi kazini. Wakati huo tulikuwa Mountain View, kwenye jumba la ghorofa ambalo tulikuwa tukipiga plasta za ndani. Lori likaingia getini, dereva akanikabidhi kigunia changu, kisha akainua tumbo la lori na kumwaga mchanga. Nikamshukuru, nikaweka ndengu kando kwenye kivuli, nikachukua chekecheke nikaanza kazi.

Mama, mchanga wa mto wetu ninaujua hata nikifumba macho. Ni mkavu, ni mkali, ukiufinya haushikani, na una vichembe vyeusi vinavyometameta. Mafundi wa huku wanaupenda kupita kiasi. Msimamizi wetu huuita "ile safi", na akipata mwingine hununa kutwa. Nikachekecha, na kwenye wavu yakabaki yale mabaki ya kila siku, vikonokono, kigae cha chungu, jino la mbuzi. Halafu ikabaki mizizi. Niliishika nikaivunja, ikatoa maji. Ilikuwa mibichi.

Hapo nikaacha kuchekecha. Mchanga wa katikati ya mto hauna mizizi mibichi. Mizizi mibichi hutoka ukingoni, pale penye ile mikuyu tuliyokuwa tukifungia mbuzi kivulini. Nikajua wamemaliza mto, sasa wanakula kingo.

Jioni nilikupigia, sijui kama unakumbuka tulivyoongea. Nikakuuliza siku hizi unachota maji wapi. Ukasema, "Kule mbele." Nikauliza mbele wapi. Ukasema mbele ya shule. Mama, mbele ya shule! Kwa goti hilo! Nikauliza, na kisima chetu cha mchangani? Ukasema kimegonga mwamba, kisha ukaniuliza kama ndengu zinaiva vizuri kwa jiko la huku.

Nilikasirika sana. Nilimkasirikia broka, nikamkasirikia dereva ambaye hana makosa, nikakukasirikia wewe kwa kuniuliza habari za ndengu. Na sitajifanya malaika: asubuhi yake niliamka nikaenda kuupiga ule ule mchanga ukutani, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Lakini kila nilipousawazisha kwa mwiko niliona kwamba ninamzika mtu aliye hai. Lori linaloniletea chakula chako ndilo lile lile linalochukua maji yako. Hilo lilinikaa rohoni nikashindwa kulimeza.

Sasa nije kwenye ukuta.

Kwenye ploti ninayoishi, mfereji ni mmoja, umetokeza kwenye ukuta wa uani, nasi wapangaji wote tunapanga foleni pale siku za maji. Ukuta ule ulikuwa umeoza kwa unyevu, plasta inaanguka mabonge mabonge. Mwenye ploti, Baba Shiko, akaniita.

"Fundi, hebu nirekebishie hii ukuta. Plasta ya kawaida tu, usiniwekee madoido."

"Nikifanya kwa muda yangu, naweza weka kapicha?"

"Ya nini? Mimi sitaki siasa kwa ploti yangu."

"Ni ya mama yangu tu."

Akafikiri kidogo. "Mama ni sawa," akasema. "Mama si siasa."

Basi nikabomoa ile plasta mbovu, nikapigilia wavu wa waya, nikapaka koti la kwanza, lile tabaka la kukwaruza. Kwa hilo koti na mwili wote wa picha nimetumia vumbi la kokoto kutoka kwa mashine za kusaga mawe. Wenzangu hulichukia maana linachubua vidole na haliendi laini, lakini linashika. Mchanga wa mto wetu niliutumia mahali pamoja tu, kwa sababu nilimwomba msimamizi karai moja, akanipa huku akinishangaa. Rangi nilizifuata Ngara, kwa wale wauzaji wa jumla, rangi ya unga, nyekundu ya udongo na nyeusi kidogo. Nikazichanganya kwenye koti la mwisho ili mvua isizioshe. Nikachonga kwa mwiko mdogo, kisu cha jikoni na kijiko, plasta ikiwa bado mbichi, nikiwahi kabla haijakaza.

Nimekuchonga wewe. Uko ndani ya kisima cha mchangani, umezama hadi kiunoni, leso yako ya mistari umeifunga kichwani kwa ule mtindo wako wa kufunga fundo pembeni. Kulia na kushoto ni mto mkavu, na huo mto ndio mchanga wenyewe wa kwetu, sikuupaka rangi wala kuusugua. Miiba ya kuzuia ng'ombe nimeizungusha juu ya shimo. Umeinua mkono na umeshika kata, unampa aliye juu. Na pale penye kata, Mama, ndipo mfereji unapotokea. Kwa hiyo mtu akifungua maji, yanatoka mkononi mwako. Huyo wa juu anayepokea sikumchonga. Yeyote anayekuja na mtungi ndiye anayesimama mahali pake.

Siku ambazo maji ya jiji hayaji, unanyoosha mkono na hakuna kitu. Hilo sikulipanga. Lilitokea tu, na watu wakaliona kabla yangu.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Mama Brayo, jirani yangu wa mlango wa pili. Anatoka magharibi, kule ambako mvua haimnyimi mtu. Alisimama na ndoo yake akaangalia weee.

"Mwende, huyu mama anachimba nini? Dhahabu?"

"Anachota maji."

"Kwa mchanga?"

"Maji iko chini ya mchanga. Unachimba, unangoja, inakuja pole pole. Unachota."

"Na hiyo mchanga ikienda?"

"Maji inaenda nayo."

Akageuka akaangalia vyumba vyetu, vya chini na vya juu, halafu akaangalia lile ghorofa jipya la jirani. "Sasa hii nyumba yangu imejengwa na mchanga ya wapi?"

"Sijui yote. Lakini nyingi inatoka kwetu."

"Ai, woi," akasema. "Basi mimi nimelala ndani ya maji ya mama yako."

Tangu siku hiyo Mama Brayo amekuwa mwalimu wa foleni. Mgeni yeyote akija kuchota, anaelezwa kisima cha mchangani utadhani Mama Brayo alizaliwa ndani yake. Anamfundisha hata namna ya kungoja maji yajae. Vitu vingine anaviongeza mwenyewe. Juzi nilimsikia akimwambia kijana wa chumba cha kona kwamba wewe ulizaa watoto kumi pale pale mtoni. Niliacha tu.

Sasa kosa likafanyika, na kosa hilo wangeweza kulifanya watu wetu peke yao.

Unajua vile sisi tunavyofanya mtu akifa. Picha yake inakuzwa, uso mkubwa, inawekwa mahali penye watu. Mtu akiwa hai, ni nani atamkuza hivyo? Dada mmoja wa kwaya yetu alipita kwenye ploti kuchukua cherehani yake iliyokuwa ikitengenezwa, akaona uso wako ukutani, mkubwa, na leso yako. Anakujua, alikuona ulipokuja kutibiwa macho. Hakuniuliza. Aliondoka kimya kimya kwa heshima, akapeleka habari kanisani.

Jumapili iliyofuata nilikuwa uani nafua, povu limenifika viwikoni, nikasikia wimbo wa taratibu unakuja kutoka kichochoroni. Nikafikiri, maskini, nani huyo amefiwa? Wakaingia kwetu. Walikuwa watu wetu wote wa kanisa, wanawake wamejifunga leso, wanaume wamevua kofia, na sukari, na unga, na majani ya chai. Mama Ndinda alikuwa mbele, amebeba mkate kama mtoto. Akanikumbatia na povu langu.

"Pole sana, Mwende. Jipe nguvu. Ni Mungu."

"Pole ya nini?"

"Usijikaze. Tumeona Mama kwa ukuta."

Mama, nilianza kucheka, na nilipocheka wao wakalia zaidi, wakadhani nimerukwa na akili kwa uchungu. Wakanishika wakanikalisha. Mzee Muthama, mzee wetu wa kanisa, akaanza kuomba, na Mzee Muthama akianza kuomba humkatizi. Ikabidi ningoje mpaka amina ndipo niseme, "Lakini yuko hai! Nimeongea naye jana! Amenituma nimtafutie mbegu!"

Hapo Mama Ndinda akauliza kwa hasira, "Sasa kwa nini umemweka ukutani na hajakufa?"

Kila mtu akaniangalia. Na mimi, pale kwenye stuli, mikono bado ina povu, nikawaambia. Niliwaambia kwamba nimekuweka ukutani kwa sababu huko unakochota maji sasa ni mbele ya shule. Niliwaambia kuhusu mizizi mibichi. Niliwaambia kisima chetu kimegonga mwamba. Wakakataa.

"Hapana," Mama Ndinda akasema. "Mto uko. Mimi nilikuwa nyumbani Krismasi, nilipita pale. Maji ilikuwa imejaa mpaka tukavua viatu."

"Hata mimi niliiona," mwingine akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa, Mama, na ningependa Kioko asome hapa kwa sauti kubwa. Sisi wa Nairobi huja nyumbani Krismasi. Krismasi mvua imenyesha. Tunaukuta mto unavuma, tunapiga picha, tunakula mbuzi, tunarudi. Hakuna hata mmoja wetu anayeujua mto wa Agosti. Mto wa Agosti mmeachiwa ninyi peke yenu. Hata mimi mwenyewe niliamini mto uko, kwa sababu kila mwaka nimeukuta.

Nikawapeleka kwenye ukuta, nikawaonyesha. Nikamwambia kila mmoja aguse ule mchanga usiopakwa rangi. Wazee waliufinya kwa vidole wakautambua. Mzee Muthama aliugusa, akarudi nyuma, akaugusa tena. Anajenga vyumba vya kupangisha upande wa chini wa Kangemi.

"Iko rundo mbele ya geti yangu," akasema mwishowe. "Inatoka kwetu. Nilikuwa nafurahi. Nilisema angalau ninajenga na kitu ya nyumbani."

Mimi nilimwonea huruma, maana hata mimi nilikuwa nikiifurahia "ile safi".

Chai ilinywewa, sukari yao ikatumika hapo hapo, na kilichokuwa matanga kikageuka mkutano. Wengine walisema tumpigie chifu. Wengine walisema serikali, na hapo tukapoteza muda mrefu. Mwishowe Mama Ndinda akasema, "Si tumeshakuja? Si tumeshavaa leso? Tuende tukafanye mwethya." Na neno hilo likamtuliza kila mtu. Kazi ya mikono mingi wote tunaijua.

Kwa hiyo sikiliza vizuri tulichokubaliana. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua, tunakuja. Si Krismasi. Tunakuja mto ukiwa mkavu, tuuone. Tunajenga ukuta wa zege kukata mto, kama ule waliojenga akina mama wa ng'ambo ya kilima, ule unaoshika mchanga mvua ikija, na mchanga ukishashikwa unashika maji. Ulinipeleka kuuona nikiwa mdogo, ukaniambia wale wanawake wana akili. Mafundi ni mimi na wenzangu wawili. Saruji tunachangishana. Mzee Muthama amesimamisha ujenzi wa vyumba vyake, na amesema yeye mwenyewe atakuja kubeba mawe. Ana tumbo kubwa, lakini mawe atabeba. Wewe utusemee kwa chifu na kwa wanawake wa huko, maana wanakusikiliza kuliko sisi wa mjini.

Na hayo yote ni bure kama lango litabaki wazi. Tukijenga ukuta na malori yapite, tutakuwa tumemkusanyia broka mchanga mahali pamoja ili asichoke.

Kabla sijasahau, Baba Shiko alikuja baada ya kuona lile kundi la watu. Alikuwa amefura.

"Fundi, toa huyo mama. Watu wanadhani kwa ploti yangu kumekufa mtu. Mpangaji mpya amekuja akageukia getini."

Mama Brayo akaweka ndoo chini. Wapangaji wengine nao wakaweka. Hawakumtukana, walimwangalia tu, wamesimama kati yake na ukuta. Baba Shiko si mtu mbaya. Alijikuna kichwa.

"Basi mfanyie aonekane ako hai," akasema. "Mpatie meno. Acheke."

Nikachukua kisu na plasta kidogo, nikakuchekesha. Na kwa kuwa sitaki kudanganya, nimeweka na pengo lako la mbele. Mama Ndinda atakuhakikishia kwamba limetoka vizuri.

Sasa Kioko. Usiitoe miwani, bado ninakuhitaji.

Ninajua si wewe uliyemaliza mto. Wewe una beleshi moja. Ninajua unapakia malori ya mchanga kwa sababu mtoto wako Mutheu yuko shule na kwa sababu hapo nyumbani hakuna kazi nyingine inayolipa siku hiyo hiyo. Sikudharau. Mimi pia nimekula mchanga huo, na juu yake ndengu. Lakini umesema ndiyo, na mimi ninasema hapana, na sitabadilika. Nimeifikiria juu ya ngazi, nimeifikiria kwenye foleni, nimeifikiria kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Ni hapana.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo, maji yakienda chini sana, Mama alikushusha wewe kisimani kwa sababu ulikuwa mwembamba? Mimi nilikuwa juu, nimelala kifudifudi, unanipa kata. Uliogopa mchanga utakuangukia, lakini ulikuwa ukiimba ili nisijue. Nilijua. Siku moja uliniambia, nikiwa nimekushika mkono kukutoa, kwamba ukikua utamchimbia Mama kisima kisichokauka.

Huo ukuta tunaokuja kuujenga hauwezi kusimama juu ya mchanga. Lazima ushikwe na mwamba, mwamba mzima usio na ufa, kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi ni fundi, lakini mwamba wa mto ule siujui. Chifu haujui. Anayejua uko wapi, una kina gani, umeinama upande upi, ni wewe, kwa sababu beleshi lako limeufikia. Bila wewe tutajenga mahali pasipofaa na mvua ya kwanza itaufagia, na Mzee Muthama atakuwa amebeba mawe bure. Ninakuhitaji, ndugu yangu. Sikuandikii haya kukubembeleza.

Ada ya Mutheu nitaibeba mimi mpaka usimame. Tukimaliza ukuta, ukitaka uje huku, nitakufundisha plasta kwa vumbi la kokoto. Litakuchubua vidole, utanilaani, utazoea. Ukitaka kubaki, baki na mto, maana ukishashika maji watu wataanza tena kupanda sukuma wiki na nyanya kwenye kingo, na wewe ndiye uliye na mikono ya kazi. Lakini broka aambiwe.

Mama, nisalimie shangazi Kalekye, umwambie machozi yake hayakupotea, awawekee watakaofiwa kweli. Nisalimie mjomba mfuga nyuki, na mke wake aliyenishonea ile sweta. Nisalimie mchungaji wetu wa huko, na mwambie Septemba aandae mahali pa kulala watu wa kanisa la Kangemi, wengi wao hukoroma. Mpe Mutheu peremende alizokuja nazo Mama Ndinda, asizimalize siku moja. Punda wa jirani anayekubebea mitungi mpe mkono mmoja wa majani kwa niaba yangu.

Mimi binti yako, fundi, mwenye mikono kama ya baba,
Mwende.

Kioko, usikunje bado.

Mama alisema tuseme neno moja, sisi wawili. Mimi langu nimelisema katika karatasi zote hizi. Mstari ulio hapa chini ni wako. Nimeuandika lakini hauwezi kusikika mpaka autamke aliyeshika barua. Ukiusoma kwa sauti, umesema, na Mama amesikia wote wawili. Ukinyamaza, sitamlaumu Mama Ndinda kwa kuweka kikombe chini, na mimi nitakuja Septemba vivyo hivyo. Mwangalie Mama usoni, usiangalie karatasi:

"Mama, sisi watoto wako tumekubaliana. Kesho nitalifunga lango mwenyewe."